Samli Puani, Ufuta Nyayoni

Sipendi kuambiwa nipunguze mawazo. Kila mtu Garsen alikuwa ameshaniambia. Muuguzi wa zahanati aliniambia, baada ya kunipima malaria, presha na sukari na kukosa cha kulaumu. Mwenye duka la dawa aliniambia huku akinifungia vidonge vya maumivu kwenye karatasi. Hata muuza mandazi wa pale stendi aliniambia, kana kwamba mawazo ni chumvi, leo umezidisha, kesho unatia kidogo. Nilikuwa nikiwaitikia, "Haya, nitapunguza," kisha naondoka na kichwa kinachouma na hasira juu yake.

Kichwa chenyewe kilikuwa na desturi zake. Kilianzia kisogoni, kikapanda utosini, kikaja kukaa juu ya macho na kutulia hapo kama mgeni aliyeonyeshwa kitanda. Lakini uchovu ndio ulionitisha zaidi. Nililala nimechoka na kuamka nimechoka zaidi, utadhani usiku kucha nilikuwa nikilima shamba la mtu. Na pamoja na uchovu wote huo sikuweza kutulia. Nikikaa, nasimama. Nikisimama, natafuta viatu. Nikishavivaa, nasahau nilikuwa nakwenda wapi, na hilo nalo linaniudhi.

Kazi yangu ni kutafsiri. Huku kwetu kando ya Mto Tana wakulima wengi ni Wapokomo, wafugaji ni Waorma, na maofisa wanaokuja kutusuluhisha wanasema Kiswahili. Mkutano wa shamba lililoliwa na ng'ombe, au wa kisima, au wa mpaka, hauwezi kwenda bila mtu wa kusimama katikati. Mtu huyo ni mimi. Na katikati kuna kanuni yake: anayetafsiri husema "mimi". Mfugaji akisema ataingiza ng'ombe liwalo na liwe, sisemi "anasema ataingiza." Nasema, "Mimi nitaingiza ng'ombe, liwalo na liwe." Mkulima akimwita mwenzake mwizi, neno mwizi linatoka kinywani mwangu, kwa sauti yangu, na macho ya yule anayeitwa mwizi yananitazama mimi. Mjumbe hauawi, ni kweli, lakini hakuna aliyesema hanuniwi. Sokoni kuna wanawake wasionisalimia kwa sababu ya matusi ambayo waume zao walitukanwa na watu wengine.

Kiorma nilikipata kwa maziwa. Nilipokuwa mdogo, mama mmoja wa Kiorma alikuwa akija kijijini kwetu na vidumu vya maziwa, na mama yangu akimpa ndizi, mahindi na maembe. Hawakuuziana, walibadilishana. Wakati wa kiangazi nilipelekwa kukaa kwake, nikala kwake, nikachunga ndama na watoto wake, na nikarudi nyumbani nikiota kwa lugha yake. Mama yangu hana Kiorma. Mama wa maziwa, kwa maneno yake mwenyewe, hana Kipokomo. Lakini walikuwa wakikaa nusu ya asubuhi wakivutana juu ya kidumu kimoja na kucheka, na sikuwahi kujiuliza walikuwa wakielewana vipi.

Mwaka ule wa mafuriko makubwa, kabla maji hayajapanda, tulimzika baba. Tulimzika shambani, karibu na mto, pale ukingo unapoteremka polepole. Kisha mto ukafurika, na ulipotulia ulikuwa umehama kidogo na kuimeza malka ya siku zote, yaani ile njia ambayo ng'ombe hupitia kushuka majini. Wafugaji wakaomba malka mpya. Mahali pa kufaa pakaonekana kuwa pale pale ukingo unapoteremka polepole. Mama akasema hapana. Tangu siku hiyo maziwa hayakuja tena nyumbani kwetu. Mama alisema mwenzake ndiye aliyeacha kuyaleta, na mwenzake alisema mama ndiye aliyeacha kuyapokea.

Mkutano ukapangwa, na pande zote mbili zikasema mimi ndiye nitakayetafsiri. Nilimwendea mwenyekiti wa kamati ya amani nikamwambia haifai, shamba ni la mama yangu na kaburi ni la baba yangu. Msemaji wa wafugaji alikuwapo, akanijibu kwa Kiorma, "Mtu mwingine atatuletea maneno. Wewe unatuletea na uso wa aliyeyasema." Mama naye alisema waziwazi kwamba Kiswahili chake ni cha kununulia sukari, na kwamba akisemewa na mtu asiyemjua ni afadhali akae nyumbani. Basi nikakubali. Ila katika mkutano mwingine uliotangulia huo kichwa kilinikamata nikaangusha sentensi nzima, nikasimama mdomo wazi mbele ya watu kama niliyeulizwa jina la babu wa mfalme. Mama alikuwa na siku moja tu ya kusikilizwa. Niliogopa, na niseme wazi kwamba niliogopa sana, kwamba siku hiyo kichwa changu kingemnyang'anya.

Wifi yangu anayeishi Malindi ndiye aliyenivuta. Alinipigia simu akaniambia yuko mama mmoja wa Kihindi anayetibu kwa Ayurveda, tiba ya wazee wao ya tangu enzi, na kwamba amemponya yeye kiungulia. Nikamwambia kiungulia si kichwa. Akaniambia nipande basi niache ubishi.

Nilitarajia udi na mapazia mekundu. Nikakuta chumba cheupe juu ya duka la mabati na misumari, feni inayolia, na mama mfupi wa miwani ambaye Kiswahili chake cha Malindi kilikuwa kitamu kuliko changu. Jambo la kwanza alilotaka ni vipimo vya zahanati. Alivisoma vyote. Akaniuliza kama kichwa kiliwahi kunijia ghafla kama kupigwa rungu, kama macho yalitia giza, kama mkono au mguu ulikufa ganzi. Nilipokana yote alisema ni vizuri, kwa sababu ningekubali hata moja angenirudisha hospitali siku ile ile.

Kisha akanishika mkono, vidole vitatu juu ya mshipa, akafumba macho. Nikaanza kutikisa mguu.

"Mguu huo," akasema, bila kufumbua macho.

Nikauacha. Akataka kuuona ulimi wangu. Akauliza nakula saa ngapi, nikamwambia mkutano ukiisha. Akauliza nalala saa ngapi, nikamwambia nikishindwa kukaa macho. Chai? Nikamwambia chai ndiyo inayonisimamisha. Vidonge? Kila siku. Hapo alitikisa kichwa, akasema vidonge vya kila siku navyo huzaa maumivu yake, na akaniagiza nikazungumze na muuguzi wangu namna ya kuviacha taratibu, nisivitupe kwa hasira. Sijui alijuaje kwamba ningevitupa kwa hasira.

"Kimeanza lini?"

"Mwaka wa mafuriko," nikamwambia. Mafuriko yana lawama nyingi, moja zaidi haikuyadhuru.

Akanieleza kwamba kwa tiba yao mwili una nguvu tatu, upepo, moto na ute, na kila mtu amezaliwa na mchanganyiko wake. Kwangu mimi upepo umezidi, umepanda juu na kukosa pa kutokea. Safari huuongeza, na njaa, na kukesha, na vitu vikavu, na maneno mengi. Dawa yake ni kuupa kinyume chake: joto, mafuta, ulaini, na saa zisizobadilika.

"Kazi yako ni kusema?"

"Kusema ya watu."

"Na yako?"

"Yangu hayana mkutano," nikasema. Hakucheka.

Akaniagiza mafuta ya ufuta, yapashwe moto mpaka yawe vuguvugu, nijikande utosini na nyayoni kabla ya kulala, kisha nikae kimya kidogo. Asubuhi, tone la samli safi ya ng'ombe katika kila tundu la pua. Chakula kikubwa adhuhuri, si jioni: wali na pojo, laini, wenye bizari nyembamba na tangawizi, na samli juu. Jioni, unga wa mzizi fulani, baada ya kuniuliza kwanza kama nina mimba au natumia dawa nyingine, niutie katika kikombe cha maziwa ya moto. Chai niipunguze, kisha niiache. Niliandika haya yote kichwani kwa mdomo uliobanwa, nikiwaza vile majirani watakavyonisema.

"Na la mwisho," akasema. "Kuna mambo ambayo mwili ukitaka kuyafanya hayazuiwi. Usingizi, njaa, kiu, chafya, miayo, machozi. Ukiyazuia hayaondoki. Yanatafuta njia nyingine, na njia ya karibu ni kichwa."

"Mimi silii," nikamwambia.

"Sikukuuliza kama unalia. Nimekwambia usizuie."

Nilinuna kutoka Malindi mpaka Garsen. Hata abiria wa kando yangu aliyetaka kunigawia korosho alizirudisha mfukoni.

Siku za kwanza zilikuwa mbaya kuliko ugonjwa. Nilipunguza vidonge kama muuguzi alivyonielekeza, nikapunguza chai, na kichwa kikanilipizia kisasi. Nilikuwa mkali kwa mbuzi wa jirani na kwa jua. Jioni nilipopasha mafuta ya ufuta harufu ilivuka ua, na jirani yangu anayeuza viazi karai akachungulia.

"Dada, leo kunakaangwa nini?"

"Kichwa," nikamjibu.

Lakini mafuta yalikuwa mepesi kuvumilia. Kukaa kimya ndiko kulikonishinda. Nilikaa kwenye kigoda, kanga kichwani, nyayo zinang'aa, na kila baada ya muda mfupi nikakumbuka jambo: sikufunga kuku, sikuanua nguo, sikumjibu mwenyekiti. Nikisimama nateleza sakafuni kwa mafuta. Nadhani mama wa Kihindi alilijua hilo pia. Ukipakwa mafuta nyayoni huna budi ukae.

Samli nayo nilianza nayo vibaya. Nilikwenda dukani nikanunua mkebe wenye picha ya ng'ombe aliyenona, nikayeyusha, nikadondosha puani. Nilipiga chafya mpaka adhuhuri, macho mekundu, pua inawaka. Nilipousoma mkebe vizuri nikakuta ni mafuta ya mimea matupu, na ng'ombe yule yuko pale kwa urembo tu. Mtu aliyelelewa kwa maziwa, kununua samli ya picha. Nilijionea aibu mwenyewe na kuufunika mkebe kwa sufuria mama asiuone.

Kisha likaja lile la chai. Kabla ya mkutano, mwenyekiti alitaka tukaipitie ardhi. Tulianzia shambani kwa mama. Mama alinipa kikombe cha maji ya moto yenye tangawizi, kama nilivyokuwa nimemwagiza, nikanywa nimesimama, wafugaji wawili wakiniona. Kutoka hapo tukaenda kwenye maskani ya wafugaji. Wakatukaribisha kwenye mkeka, wakaleta chai ya maziwa, nzito, tamu, ile ambayo nimeinywa tangu utoto wangu. Kichwa kilikuwa kinanipasuka kwa kuikosa. Kwa hiyo nilisema haraka, na vibaya, "Mimi sinywi." Sikutoa sababu. Nani anataka kusimulia habari za upepo na ute mbele ya wanaume saba na ng'ombe?

Katika kazi yangu hakuna kosa kubwa kuliko hilo. Anayesimama katikati hunywa pande zote mbili, au hanywi popote. Walioniona nikinywa kwa mama wakaniona nikikataa kwao, na hesabu hiyo haihitaji shule. Hata jua halijatua, mwenyekiti alikuwa mlangoni kwangu.

"Hawakutaki tena," akasema. "Wanasema umeshachagua upande."

"Kwa sababu ya chai?"

"Kwa sababu ya maziwa yaliyo ndani yake."

Nilitaka kumweleza, nikaona jinsi litakavyosikika. Eti nimekataa chai yenu kwa amri ya mama wa Kihindi wa Malindi, na huku mmeniona na kikombe mkononi. Nikamwambia nitalitengeneza, sikujua kwa namna gani. Mkutano ulikuwa unakaribia. Nilizunguka ndani ya nyumba na nyayo zangu za mafuta, nikamfikiria mama amekaa kwenye kiti cha plastiki, watu wanamsemea maneno yasiyo yake, na malka inachorwa juu ya baba.

Asubuhi pua ilikuwa bado inawaka, na samli ya kweli ilibidi nitafute. Pa kuipata ni mahali pamoja tu. Sokoni Garsen wanawake wa Kiorma hukaa pamoja na vidumu vyao vya maziwa, na mama wa maziwa hukaa mwisho wa mstari, kwenye kivuli cha kibanda. Nilikuwa nimeikwepa njia hiyo kwa muda mrefu. Nilipofika wenzake wote waligeuka.

Alinitazama kuanzia miguuni. "Umekuja kununua," akaniuliza kwa Kiorma, "au umekuja kukataa?"

Nikachuchumaa mbele yake nikamsimulia yote. Kichwa, uchovu, basi la Malindi, vidole vitatu, ufuta, chai iliyokatazwa, mkebe wenye picha ya ng'ombe. Nilisema kwa kasi, kwa hasira, karibu nimgombeze yeye. Alisikiliza mpaka mwisho.

"Puani?"

"Puani."

"Samli uitie puani," akasema, "na maziwa uyakatae mdomoni."

Wenzake wakaangua kicheko. Nikacheka na mimi, na kichwa kikauma kwa kucheka. Akaniuliza huyo mama wa Kihindi amekataza maziwa? Nikasema hapana, amekataza majani ya chai, maziwa ya moto ameyaagiza. Hakuniuliza zaidi. Aliazima jiko la jirani, akachemsha maziwa yake hapo hapo sokoni, akanimiminia kikombe kikubwa, akanikabidhi kwa mikono miwili, mbele ya wauzaji wote, wanunuzi wote na vijana wa bodaboda waliokuwa wakisubiri abiria. Nikanywa polepole. Alinisimamia mpaka nikamaliza. Yaliyobaki soko lingeyafanya lenyewe, na kweli, kabla ya adhuhuri mwenyekiti alinipigia simu akasema wafugaji wamenikubali tena, na akauliza kama naweza kumweleza kwa nini.

Nilipoinuka, mama wa maziwa alinitilia samli kwenye chupa ndogo. Ilikuwa ya manjano, na ilinukia nyumba yake ya zamani.

"Mama yako anasemaje?" akauliza, macho yake kwenye kizibo.

"Anasema wewe ndiye uliyeacha."

"Mwambie ni yeye," akasema, na akanigeuzia mgongo kuhudumia mtu mwingine.

Samli hiyo haikuniwasha. Kwa siku zilizobaki nilifuata masharti yote kwa ukaidi, kama mtu anayetaka kuthibitisha kwamba hayafai. Yalifaa, si haba. Usingizi ulianza kushika. Asubuhi moja nilijikuta nimeamka na sina uadui na mtu yeyote. Maumivu yalikuwa yanakuja na kuondoka, hayakuhamia tena. Wali na pojo wa adhuhuri nilikuwa nikiubeba kwenye bakuli lenye kifuniko, na maofisa waliokuwa wakinicheka wakaanza kuomba kijiko.

Siku ya mkutano kichwa kilirudi alfajiri, kisogoni, mahali pake pa zamani. Nilitia samli, nikajikanda, nikala, nikafanya yote. Kilikataa. Nikaenda nacho.

Tulikaa chini ya turubai, kando ya shamba, wakulima upande mmoja na wafugaji upande mwingine, wanawake wa kila upande nyuma ya wanaume wao. Mama wa maziwa alikuwa miongoni mwao. Msemaji wa wafugaji alianza, na nikaanza na yeye. Nikasema, "Mimi nina ng'ombe na ng'ombe wana kiu. Mto ni wa Mungu. Nitawapitisha wapi, angani?" Nikasema, "Mimi sina ugomvi na maiti." Nilisema vizuri. Sikuangusha kitu. Upande wa mama ukaguna, ukanitazama mimi, nikaona wameudhika na mimi kama kawaida.

Kisha mama akasimama. Alikuwa amevaa leso zake za kanisani. Akasema kwa Kipokomo, nami nikasema kwa Kiorma, yeye sentensi moja na mimi sentensi moja.

"Mume wangu amelala pale," nikasema. Nilikuwa nimejiandaa kwa hilo. Nilikuwa nimejizoeza nyumbani kumwita baba yangu mume wangu.

"Sikatai ng'ombe wanywe maji. Maziwa ya ng'ombe hao yamenilelea mtoto."

"Nakataa tu wamkanyage."

Nilidhani amemaliza. Kumbe alikuwa anavuta pumzi. Aliendelea kuwatazama wafugaji, si mimi, akasema sentensi ambayo hakuwa amenidokeza. Nikafungua mdomo kuigeuza kabla sijaielewa, kwa mazoea tu.

"Siku tuliyomzika," nikasema, "nyinyi mlikuja kutupa pole, na mtoto wangu akasimama kutafsiri pole zenu."

Ni kweli. Walikuja wengi, kwa heshima, na hakukuwa na mtu mwingine. Nilisimama kando ya kaburi, udongo bado mbichi, nikamgeukia mama yangu nikamwambia kwa sauti ya kazi, "Pole kwa msiba wako." Nilimwambia hivyo mara nyingi kama walivyokuwa wao. Watu walinisifu. Walisema huyu ana moyo.

Mama akasema sentensi iliyofuata. "Mtoto wangu hakulia siku ile, na mpaka leo hajalia. Hana pa kulilia ila pale. Mkipitisha ng'ombe, mtoto wangu ataenda wapi?"

Nikaanza. Nikasema kwa Kiorma, "Mtoto wangu." Neno lililofuata halikuja.

Halikupotea. Nililijua. Lilikuwa limekaa kooni na nyuma yake kulikuwa na kitu kikubwa kinachosukuma, na nilifanya nilichokuwa nikifanya siku zote, nilikaza shingo, nikakaza kisogo, nikahisi maumivu yakipanda njia yao ile ile, hatua kwa hatua, utosini, juu ya macho. Ndipo nilipoitambua njia hiyo. Nilikuwa nikiikaza tangu kaburini. Nikaiacha.

Sikulia kwa adabu. Nililia kwa sauti, pua inachuruzika samli, mbele ya kamati, mbele ya wanaume ambao matusi yao nimeyabeba miaka. Mwenyekiti akainuka nusu, akakaa. Wafugaji walikuwa wanasubiri, hawajui mama amesema nini, na mimi siwezi kuwaambia.

Nyuma yao mama wa maziwa akasimama. Akamtazama mama yangu moja kwa moja, akamuuliza amesema nini, kwa Kipokomo, kibovu, cha kubahatisha, Kipokomo cha kuvutana juu ya vidumu. Mama akamjibu hivyo hivyo. Kisha mama wa maziwa akawageukia wanaume wa upande wake, na kwa Kiorma, akifuata kanuni ambayo hakuna aliyemfundisha, akaimaliza sentensi yangu.

"Mtoto wangu hakulia siku ile," akawaambia, "na mpaka leo hajalia. Hana pa kulilia ila pale. Mkipitisha ng'ombe, mtoto wangu ataenda wapi?"

Hakukuwa na kura. Msemaji wa wafugaji aliomba waende kando, wakarudi baada ya muda, na mama wa maziwa ndiye aliyetafsiri. Chini kidogo ya shamba kuna kichaka cha mathenge ambacho hakuna aliyetaka kukikata kwa sababu ya miiba. Watakikata wao, malka ipite hapo ingawa ukingo wake ni mkali, na miiba wataitumia kuzungushia kaburi ua. Mama akasema amekubali. Kisha akamwambia mwenzake, kwa lugha yao ile isiyo na jina, jambo lililomfanya apige goti lake na kucheka. Sikuombwa kulitafsiri na sikulisikia.

Nisidanganye kwamba nimepona. Kichwa bado huja, hasa siku za safari, na bado nikiambiwa nipunguze mawazo nachemka. Nimerudi Malindi mara kadhaa. Mama wa Kihindi hunishika mshipa, na mguu wangu bado hutikisika, ingawa anasema sasa unatikisika kwa utulivu kidogo. Chupa ya samli haikauki tena, inakuja nyumbani pamoja na maziwa, na mama hutoa ndizi.

Lakini siku ile, watu walipoanza kutawanyika, niliwaacha nikashuka mpaka pale ukingo unapoteremka polepole. Hakuna aliyenifuata. Nikavua viatu, nikakaa chini. Kichwa kilikuwa kimya, na machozi yalikuwa bado yanakuja bila kuniomba ruhusa. Nikasema, "Baba." Nilisema kwa Kipokomo, nikasubiri kwa mazoea, kisha nikakumbuka kwamba hakuna mtu wa kumgeuzia neno hilo.